Mada ya Tisa: Rehani na Haki ya Mkopaji Kukomboa Mali Yake

Ndugu mwanafunzi, ukimaliza mada hii unatakiwa uweze kueleza maana ya rehani, kutofautisha rehani na mauzo, kufafanua haki ya kukomboa na mwisho wake, na kujibu swali la tukio linalohusu nyumba iliyowekwa rehani. Soma taratibu. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa sababu wanajibu kwa huruma au kwa hasira badala ya kujibu kwa sheria.

9.1 Maana ya rehani

Mtaani tunasema "kuweka bondi" au "kuweka poni". Mtu ana shida ya hela, anaacha simu au redio kwa mkopeshaji, akirudisha hela anachukua kitu chake. Rehani ya ardhi au nyumba ina wazo hilohilo, ila nyumba haibebeki. Mkopaji anaendelea kukaa ndani, na kinachokwenda kwa mkopeshaji ni hatimiliki pamoja na mkataba unaompa haki juu ya nyumba iwapo deni halitalipwa.

Kumbuka majina mawili, maana yatarudi mpaka mwisho wa mada. Anayetoa mali yake iwe dhamana ya deni anaitwa mweka rehani. Anayeipokea, mara nyingi benki, anaitwa mpokea rehani. Usiyachanganye. Kila mwaka darasani kwangu kuna anayeandika kuwa "benki iliweka nyumba rehani", na hapo msahihishaji anaacha kusoma kwa moyo mzuri.

Mweka rehani si lazima awe ndiye aliyekopa. Mama anaweza kuweka nyumba yake rehani ili kijana wake apate mkopo wa bodaboda au wa duka. Deni ni la kijana, nyumba ni ya mama, na kijana akishindwa kulipa, nyumba itakayoguswa ni ya mama.

Katika Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo kinachowekwa rehani, kwa lugha ya kisheria, ni haki ya kumiliki na kuitumia ardhi hiyo kwa muda uliotajwa kwenye hati, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, pamoja na majengo yaliyo juu yake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na maelezo ya sheria ya sasa katika mada hii ni ya Tanzania Bara.

9.2 Rehani si mauzo

Hili ndilo jambo kuu la mada yote. Mtu anapoweka nyumba yake rehani, hajaiuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema rehani inafanya kazi kama dhamana tu, haihamishi umiliki kutoka kwa mweka rehani kwenda kwa mpokea rehani. Benki inashika karatasi. Mwenye nyumba anabaki kuwa mwenye nyumba.

Kutokana na hilo ndipo inapozaliwa haki tunayoijadili. Kama nyumba bado ni ya mkopaji, na benki inachodai ni fedha zake, basi siku benki inapolipwa fedha zake zote haina sababu tena ya kushika chochote. Mkopaji analipa deni, riba na gharama halali, anarudishiwa hati, na rehani inafutwa kwa Msajili wa Hati. Kitendo hicho kinaitwa kukomboa rehani.

Sasa swali gumu. Je, mkopaji akichelewa? Mkataba unasema alipe ifikapo tarehe 30 Juni, na yeye amepata hela tarehe 15 Agosti. Je, haki yake imekufa?

Ili ulijibu vizuri, inabidi turudi nyuma kidogo.

9.3 Haki hii ilitoka wapi

Uingereza ya zamani ilikuwa na jibu kali. Mkopaji alimhamishia mkopeshaji ardhi yake, kwa ahadi kwamba akilipa siku fulani atarudishiwa. Siku ikipita bila malipo, hata kwa siku moja, ardhi imekwenda. Haikujalisha kama ardhi ina thamani mara kumi ya deni, wala kama mkopaji alikuwa mgonjwa kitandani.

Watu wakaanza kwenda kulalamika kwenye Mahakama ya Chancery jijini London, mahakama iliyokuwa ikitazama haki na uungwana zaidi ya herufi za mkataba. Kufikia karne ya 17 mahakama hiyo ilikuwa imeweka msimamo: ardhi ilitolewa ili kulinda deni, basi mkopeshaji akilipwa deni lake pamoja na riba na gharama, ameshapata alichostahili, hata kama siku imepita. Mkopaji aruhusiwe kukomboa. Majaji wa Kiingereza wakawa na msemo ambao unafaa kuukariri kwa maana yake: rehani ikishakuwa rehani hubaki rehani. Yaani huwezi kuigeuza iwe mauzo kwa kuongeza maneno ya ujanja kwenye mkataba.

Na maneno ya ujanja yalikuwepo. Katika kesi ya Noakes dhidi ya Rice, iliyoamuliwa mwaka 1902 na Baraza la Mabwana la Uingereza, mtu aliweka rehani baa yake kwa kampuni ya kutengeneza bia. Mkataba ulimtaka anunue bia ya kampuni hiyo tu kwa muda wote wa pango la baa, hata baada ya kumaliza deni. Alipotaka kulipa deni lote awe huru, kampuni ikamwambia deni litakwisha lakini sharti la bia litabaki. Mahakama ikakataa. Aliweka rehani baa isiyo na kifungo, basi akilipa arudishiwe baa isiyo na kifungo. Sharti la namna hiyo linaitwa kizuizi cha haki ya kukomboa, na halina nguvu hata kama mkopaji alilisaini mwenyewe.

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu pekee. Pwani yetu ilikuwa na habari yake. Katika karne ya 19, matajiri wenye asili ya India walikuwa wakiwakopesha wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Dini ya Kiislamu inakataza riba, kwa hiyo mkataba uliandikwa kama mauzo: mwenye shamba "anauza" shamba lake kwa mkopeshaji, huku akibaki na hiari ya kulinunua tena ndani ya muda waliokubaliana. Mauzo ya namna hii yaliitwa bei khiyari. "Muuzaji" hakuondoka. Aliendelea kukaa shambani na kuchuma karafuu, akimlipa "mnunuzi" kodi ya mwaka, na kodi hiyo ndiyo iliyokaa mahali pa riba.

Karatasi inasema mauzo, maisha yanasema mkopo. Mashauri haya yalipofika mbele ya mahakama za Waingereza, mahakama ziliyatazama kama rehani, na hilo lilimpa mwenye shamba nafasi ya kudai kukomboa. Hata hivyo madeni yaliendelea kukua. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, hofu ya mashamba kuhamia kwa wakopeshaji ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ilitoa amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe ovyo kwa watu wa jamii nyingine. Ukiwa unasoma pia Historia, unganisha sehemu hii na mada ya uchumi wa kikoloni Zanzibar.

Kwa upande wa Tanganyika, Waingereza waliingiza sheria ya India ya mwaka 1882 kuhusu uhamishaji wa mali, ambayo tayari ilikuwa na haki ya kukomboa ndani yake. Sheria hiyo iliendelea kutumika hapa muda mrefu baada ya uhuru, hadi Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipochukua nafasi yake.

9.4 Haki ya kukomboa katika sheria ya sasa

Turudi kwenye swali letu. Mkopaji amechelewa, je, nyumba imekwenda?

Haijakwenda. Kuchelewa kunampa mpokea rehani haki ya kuchukua hatua, hakumpi nyumba. Benki haiwezi kuamka asubuhi na kusema "umeshindwa kulipa, kuanzia leo nyumba ni yetu". Njia ya namna hiyo ya kumfungia mkopaji mlango imefutwa na sheria. Benki inaweza kumteua msimamizi wa kukusanya mapato ya mali, kuipangisha, kuingia na kuishika, au kuiuza. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayotokea kwenye mitihani.

Lakini kabla ya kuuza kuna ngazi za kupanda, na kila ngazi ni nafasi ya mkopaji kukomboa.

Ngazi ya kwanza ni notisi ya maandishi, iliyo kwenye kifungu cha 127. Benki inamweleza mkopaji ameshindwa nini na kwa kiasi gani, na kwamba zikipita siku 60 tangu aipokee notisi, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na mali inaweza kuuzwa. Soma vizuri: siku 60 tangu aipokee, siyo tangu iandikwe. Siku hizo 60 ni muda wa kutafuta hela, kuomba kupangiwa upya marejesho, hata kutafuta mnunuzi wako mwenyewe. Mkopaji anayeuza nyumba au kipande cha kiwanja mwenyewe, kwa kukubaliana na benki, mara nyingi hupata bei bora kuliko ya mnada.

Ngazi ya pili ni tangazo la mnada. Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya ardhi kupigwa mnada. Tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na litolewe pia kwa njia inayoeleweka na watu wasiojua kusoma. Ndiyo maana unaona gari lenye kipaza sauti likipita mtaani. Jirani zako wanacheka au wanasikitika, lakini kelele hiyo ina kazi ya kisheria.

Katika muda wote huo, mpaka kabla ya mauzo kufanyika, mkopaji akileta deni lote pamoja na riba na gharama zilizokwisha kutumika, mpokea rehani anatakiwa kulipokea na kufuta rehani. Si yeye tu anayeweza kulipa. Msimamizi wa mirathi akilipa kwa niaba ya marehemu, au mdhamini akilipa ili kuokoa mali yake, ukombozi ni uleule.

Mwaka mmoja, baada ya kipindi cha mada hii, mwanafunzi alinisubiri mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, kama nyumba ilipigwa mnada juzi, leo mtu akileta hela yote, wanairudisha?" Niliona hakuuliza kwa ajili ya mtihani. Nilimjibu kama ninavyokujibu wewe hapa: mnada ukishafanyika kihalali na mnunuzi akapatikana, haki ya kukomboa imekwisha. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kama benki ilikosea utaratibu, aliyeumia kwa kawaida anabaki na haki ya kuidai benki fidia, siyo kumnyang'anya mnunuzi nyumba. Inabaki njia nyembamba pale mnunuzi naye alipojua ubaya uliofanyika au alikula njama. Akaniuliza tena, fidia inalipwa lini? Nikamwambia baada ya kesi, na kesi ina siku zake.

Kwa sababu hiyo tarehe ni kila kitu katika mada hii. Unaposoma swali la tukio, kabla ya kuandika neno lolote, tafuta tarehe ya notisi, tarehe ya mnada na tarehe ambayo mkopaji alileta fedha au alikwenda mahakamani.

9.5 Mkopaji anapokwenda mahakamani

Wakati mwingine mkopaji ana hela, au sehemu kubwa ya hela, lakini hawaelewani na benki. Benki inasema deni ni milioni 22, yeye anasema ni milioni 15. Au amelipa lote na hati hairudi. Au hajawahi kupokea notisi na anasikia kipaza sauti mtaani. Hapo anafungua shauri. Kutegemea thamani ya mali na aina ya mkopo, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu. Baraza la Kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu juu ya rehani.

Katika shauri la kukomboa, mdai anaomba mambo manne hivi: hesabu ya deni ifanywe ijulikane kinachodaiwa ni kiasi gani, apewe siku ya kulipa kiasi hicho, akilipa, rehani ifutwe na hati irudishwe, na katika muda huo wote mnada usimame. La mwisho linaitwa zuio la muda, na ndilo linalotangulia kusikilizwa kwa sababu bila hilo mengine yote yanaweza kukosa maana.

Zuio halitolewi kwa machozi. Tangu kesi maarufu ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, mahakama zetu hutazama mambo matatu: kama kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kama mwombaji atapata hasara isiyofidika endapo zuio halitatolewa, na kama usumbufu atakaoupata yeye kwa kukosa zuio ni mkubwa kuliko ule atakaoupata mdaiwa kwa zuio kutolewa. Yakariri matatu haya. Ni alama za bure.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi havilisemi wazi. Anayekwenda kuomba kukomboa lazima aonyeshe kuwa anakomboa kweli. Mtu anayekiri anadaiwa, hajalipa hata shilingi kwa mwaka mzima, wala hasemi atalipa nini na lini, huyo anaomba muda tu, na jaji ataliona hilo. Haki hii ilizaliwa kwenye mahakama za uungwana, na huko anayeomba kutendewa haki hutakiwa naye atende haki. Dawa ya deni ni kulipa, hata mahakamani.

Tuguse nyumba ya wanandoa. Kifungu cha 114 kinataka rehani ya nyumba ambayo mume na mke wanaishi iwe na saini ya mwenza au ushahidi kwamba ameridhia. Marekebisho ya mwaka 2008 yaliongeza kuwa mkopaji aeleze kama ana mwenza, na benki ichukue hatua za kujiridhisha. Mwenza ambaye hakuridhia anaweza kuipinga rehani yenyewe. Angalia tofauti: mkopaji anayekomboa anasema "rehani ni halali, nalipa niifute", ila mwenza anayepinga anasema "rehani hii haikuwa halali tangu mwanzo". Ukiyachanganya hayo mawili katika jibu moja, unajipinga mwenyewe.

9.6 Mikopo ya mtaani

Tumezungumza sana kuhusu benki, lakini nyumba nyingi na viwanja vingi hupotea kwa wakopeshaji wadogo, wale wa mikopo tunayoiita "kausha damu". Mtindo wao mmoja unafanana mno na ile bei khiyari ya karafuu. Mtu anataka milioni mbili. Mkopeshaji hampi mkataba wa mkopo, anampa mkataba wa mauziano ya kiwanja, asaini mbele ya mashahidi, kisha kwa mdomo wanakubaliana kwamba akirudisha hela na riba, karatasi itachanwa. Siku ikipita, mkopeshaji anatoa karatasi: kiwanja ameniuzia.

Kisheria hoja ya mkopaji ipo: jambo lililofanyika ni mkopo wenye dhamana, siyo mauzo, hivyo aruhusiwe kulipa na kuchukua mali yake. Ataonyesha kuwa bei iliyoandikwa ni ndogo mno, kuwa aliendelea kukaa na kulima hapo, kuwa alikuwa akilipa kila mwezi, kuwa ujumbe wa simu unataja "rejesho". Lakini atabeba mzigo mzito, kwa sababu saini yake iko kwenye karatasi inayosema "nimeuza", na mahakama haitupi maandishi pembeni kirahisi kwa maneno matupu. Zanzibar ya karne ya 19 desturi ya bei khiyari ilijulikana na kila mtu. Mtaani kwetu leo, makubaliano ya mdomo yanajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao atayakana.

9.7 Mfano wa swali na jibu lake

Swali: Mama mmoja muuza vitenge wa Morogoro aliweka nyumba yake rehani benki. Biashara ikayumba akaacha kulipa. Benki ilimpa notisi, siku 60 zikapita, tangazo la mnada likatolewa kwa muda unaotakiwa. Deni lote lilikuwa shilingi 15,000,000. Nyumba za aina hiyo eneo lile huuzwa shilingi 60,000,000. Dalali aliiuza kwa shilingi 40,000,000. Kodi ya ardhi iliyodaiwa ilikuwa shilingi 500,000 na gharama za mnada shilingi 2,500,000. Siku tatu baadaye mama alileta shilingi 15,000,000 alizochangiwa na ndugu. Eleza haki zake.

Jibu: Anza na tarehe. Fedha zililetwa baada ya mnada. Notisi ilitolewa na tangazo lilikuwepo, kwa hiyo mauzo yalifuata utaratibu na haki ya kukomboa imekwisha. Usiandike kwamba atarudishiwa nyumba kwa sababu "amelipa deni". Hapo ndipo wengi huanguka.

Hata hivyo hatoki mikono mitupu. Kwanza, mauzo si zawadi kwa benki. Fedha za mnada hugawanywa kwa mpangilio: kodi na madai ya serikali juu ya ardhi, gharama za kuuza, kisha deni, na kinachobaki ni cha mweka rehani. Kwa hiyo: 40,000,000 toa 500,000 toa 2,500,000 toa 15,000,000, zinabaki 22,000,000. Hizo ni zake, na benki ikizishikilia anaweza kuidai mahakamani.

Pili, tazama bei. Kifungu cha 133 kinamtaka mpokea rehani achukue tahadhari apate bei nzuri inayopatikana. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Asilimia 25 ya 60,000,000 ni 15,000,000, hivyo mpaka ni 45,000,000. Nyumba iliuzwa 40,000,000, chini ya mpaka. Mama ana hoja nzuri ya fidia dhidi ya benki, na benki ndiyo yenye kazi ya kujieleza.

Ukiandika hayo matatu, yaani haki ya kukomboa imekwisha, baki ni lake, na bei ina walakini, umejibu swali. Kanuni ya asilimia 25 Kenya nayo wanayo katika Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012, kwa hiyo ukisoma kitabu kutoka huko usishangae kuiona. Siku za notisi kwao ni tofauti, usizibebe.

Mazoezi

1. Eleza kwa mfano tofauti kati ya mweka rehani na mpokea rehani.

2. "Kuchelewa kulipa kunampa mkopeshaji haki ya kuchukua hatua, hakumpi nyumba." Fafanua kwa kurejelea notisi ya siku 60 na tangazo la mnada.

3. Linganisha bei khiyari ya Zanzibar na mkataba wa mauziano unaotumiwa na wakopeshaji wa mtaani. Taja mambo mawili yanayofanana na moja linalotofautiana.

4. Mkataba wa mkopo una sharti hili: "Mkopaji akikosa rejesho moja, nyumba itakuwa mali ya mkopeshaji moja kwa moja, na mkopaji hatakuwa na haki ya kwenda mahakamani." Je, sharti hili lina nguvu? Toa sababu.

5. Rudia hesabu ya mfano wa 9.7, ukichukulia kuwa nyumba iliuzwa kwa shilingi 52,000,000. Mama angebakiwa na kiasi gani, na je, bado angekuwa na hoja ya bei?

6. Baba alifariki akiwa ameweka nyumba rehani. Watoto hawakujua. Leo tarehe 3 wamekuta tangazo limebandikwa getini, mnada ni tarehe 17, na ndani ya kabati kuna notisi ambayo bahasha yake haijafunguliwa. Mtoto mkubwa ana nusu ya deni. Andika hatua ambazo familia inapaswa kuchukua kati ya tarehe 3 na tarehe 17, kwa mpangilio, na kwa kila hatua taja haki au kanuni inayoiunga mkono. (Alama 20)